Vyumba vya mikutano vinapogongana: dalili, sababu na marekebisho ya kalenda ya ofisi

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta dalili unayoiona, anza na sababu ya kwanza, kisha shuka taratibu, maana zimepangwa kuanzia inayotokea sana hadi ile ya nadra. Umelengwa kwa ofisi za Unguja na Pemba zinazotumia Google Workspace au Microsoft 365, yaani Outlook. Mengi yaliyomo yanafaa kwa kalenda yoyote.

Jambo moja lishikwe kabla ya yote. Ndani ya kalenda hizi chumba ni mwalikwa kama watu wengine. Kina anwani yake ya baruapepe, kinapokea mwaliko, kinatazama kama kipo wazi, kisha kinajibu kuwa kimekubali au kimekataa. Projekta nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mgogoro ukitokea usiulize "nani kabuku mwanzo?" Uliza "chumba kilijibu nini?" Fungua tukio, tazama orodha ya walioalikwa, tafuta jina la chumba. Kama halimo, chumba hakikubukiwa. Kama limo lakini lina alama ya kukataa, hakikubukiwa vilevile, hata kama watu ishirini wameshathibitisha kuja.

Dalili: Watu wa vikao viwili wamekutana mlangoni

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na kila upande huja na ushahidi wake kwenye simu. Usiamue kwa kuangalia nani ana mwaliko, maana wote wanao.

Sababu inayoongoza ni jina la chumba kuandikwa kwenye sehemu ya Mahali badala ya chumba chenyewe kualikwa. Mtu anaandika "Ukumbi wa juu, ghorofa ya pili", mwaliko unawafikia wote, na kila kitu kinaonekana sawa. Lakini sehemu ya Mahali ni maandishi matupu. Haipeleki taarifa popote wala haifungi chumba. Fungua tukio ulirekebishe: kwenye Google Calendar nenda kwenye kichupo cha vyumba kilicho karibu na cha wageni, uchague chumba kwenye orodha, kwenye Outlook tumia kitafuta vyumba kilicho kwenye dirisha la mkutano. Hifadhi, subiri kama dakika moja, kisha fungua tena tukio hilo usome jibu la chumba. Hatua hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Sababu ya pili ni daftari la mapokezi. Ofisi nyingi zimeanza kutumia kalenda bila ya kulistaafisha daftari, kwa hiyo kuna milango miwili ya kubukia na hakuna unaoujua mwenziwe. Kama daftari lazima libaki, kwa ajili ya wageni au wazee wasiopenda kompyuta, basi liwe la kumbukumbu tu: anayepokea ombi aliingize kwenye kalenda palepale, mwombaji akiwa bado amesimama mbele yake, na aandike daftarini baada ya chumba kukubali. "Nitaingiza baadaye" ndiyo inayozaa mgongano.

Tatu, mkutano ulisogezwa. Ulikuwa Jumanne, chumba kikakubali, mwandaaji akausogeza Jumatano, watu wakapata taarifa mpya, chumba kikakataa kwa sababu Jumatano kina wenyewe. Jibu la kukataa linakwenda kwa mwandaaji peke yake, tena kama baruapepe fupi inayofanana na majibu mengine, na linazama humo. Kila ukisogeza mkutano, soma upya jibu la chumba.

Nne, vyumba viwili vyenye jina moja. Taasisi yenye ofisi Unguja na Chake Chake ikiita kila kimoja "Chumba cha Mikutano", mtu wa Unguja atabuku cha Pemba bila ya kujua. Majina yaanze na mahali, kisha ghorofa, kisha jina na idadi ya viti: "Unguja-2-Ukumbi Mkubwa-30", "Chake-0-Chumba cha Mikutano-12". Namba sifuri hapo ni ghorofa ya chini.

Ukishapita hayo manne bila ya kuona kosa, tatizo liko kwenye mipangilio ya chumba na hapo anahitajika afisa TEHAMA mwenye haki za usimamizi. Kwenye Outlook aangalie mambo mawili kwa amri ya `Get-CalendarProcessing`: `AutomateProcessing` isomeke `AutoAccept`, na `AllowConflicts` isomeke `False`. Aangalie pia nani ana haki ya kuandika moja kwa moja kwenye kalenda ya chumba. Anayeandika humo moja kwa moja anapita nyuma ya ukaguzi wote, na chumba hakipati nafasi ya kukataa. Haki hiyo iwe ya mtu mmoja au wawili.

Simama hapa: kama huna akaunti ya usimamizi, usiazime nywila ya mtu mwingine ili ujaribu. Akaunti hiyo hiyo ndiyo inayofuta watumiaji na barua zao.

Dalili: Mkutano umeingia saa sita kabla

Kosa hili ni letu sisi tunaosema Kiswahili, na mwongozo uliotoka nje hauwezi kulitaja. Mkuu wa idara anasema "kikao saa nne asubuhi". Katibu anaandika 4:00. Kalenda inaelewa saa kumi alfajiri. Chumba, kwa kuwa alfajiri hakina mtu, kinajibu haraka: nimekubali. Katibu anaona alama ya kukubaliwa na moyo unatulia. Saa nne ikifika, chumba kina watu wengine, na kwa mujibu wa kalenda wao ndio wenye haki.

Kanuni ni hii. Kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, jumlisha 6:

saa 1:30 asubuhi ni 07:30
saa 4:00 asubuhi ni 10:00
saa 6:00 mchana ni 12:00
saa 8:00 mchana ni 14:00
saa 9:30 alasiri ni 15:30
saa 12:00 jioni ni 18:00

Kwa usiku, kuanzia saa 1 hadi kabla ya saa 6 jumlisha 18, kwa hiyo saa 2:00 usiku ni 20:00. Saa 6:00 usiku ni 00:00, na kuanzia hapo unatoa 6: saa 7:00 usiku ni 01:00.

Hatua ya kwanza, na ni ya bure: badilisha kalenda za ofisi nzima zionyeshe saa 24. Ukiona 04:00 imeandikwa hivyo, jicho linashtuka. Ukiona 4:00 na herufi mbili ndogo pembeni, jicho linapita.

Hatua ya pili ni kukipa chumba saa za kazi na kukiamuru kikatae nje ya hapo. Kwenye Outlook mpangilio ni `ScheduleOnlyDuringWorkHours`. Uzio huu unasaidia sana lakini una tundu, na ni vizuri kulijua. Chumba kikifunguliwa 07:30 mpaka 15:30, anayeandika 4:00 kwa saa nne atakataliwa, na anayeandika 7:00 kwa saa saba mchana atakataliwa pia. Lakini anayeandika 8:00 akikusudia saa nane mchana atakubaliwa, kwa sababu 08:00 ni saa mbili asubuhi na ofisi iko wazi. Saa saba na nusu na saa tisa nazo hivyo hivyo. Vikao vya kuanzia saa saba na nusu mchana ndivyo vya kuangaliwa kwa macho, hakuna mpangilio utakaovikamata.

Hatua ya tatu ni ya kuandika: weka saa zote mbili kwenye kichwa cha mwaliko, kwa mfano "Kikao cha bajeti, saa 8:00 mchana (14:00)". Kama kichwa na kalenda havilingani, mwalikwa wa kwanza atakayefungua ataona na kukuambia.

Lipo pia la siku. Kwa wengi wetu siku inaanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Kalenda inahesabu kuanzia saa sita ya usiku. Ukibuku ukumbi kwa ajili ya futari ya wafanyakazi au maulidi, taja tarehe kwa namba, usitegemee jina la usiku.

Dalili: Saa zimepishana kwa moja, mbili au tatu

Tofauti ya saa sita ni ya lugha. Tofauti ndogo ni ya ukanda wa saa.

Tofauti ya saa moja kwenye kompyuta moja tu: tazama ukanda uliowekwa. Kompyuta zinazotoka Dubai huja na ukanda wa Abu Dhabi na Muscat, ambao ni UTC+4, yaani saa nne mbele ya saa ya kimataifa, na sisi tuko UTC+3. Zanzibar haimo kwenye orodha ya Windows. Chagua "(UTC+03:00) Nairobi". Kwenye Google na simu nyingi chagua Dar es Salaam, au Nairobi kama haimo. Kubadilisha saa inayoonekana kwenye kompyuta bila ya kubadilisha ukanda hakutibu kitu, kunaongeza ugonjwa, kwa sababu kalenda inahesabu kutoka kwenye ukanda.

Tofauti inayotokea mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba kwenye mikutano ya mtandaoni na Ulaya: wenzetu wamebadilisha saa. Majira ya baridi London iko nyuma yetu kwa saa tatu, majira ya joto kwa saa mbili. Mkutano wa kila wiki ulioandaliwa London saa 10:00 yao unaingia hapa 13:00 majira ya baridi, kisha unahamia 12:00 baada ya Jumapili ya mwisho ya Machi. Unahama pamoja na chumba chako, na huko unakohamia unaweza kukuta kikao kingine kimeshakaa. Kwa mikutano inayotumia ukumbi wa hapa, mwandaaji awe wa hapa, na ukanda wa tukio uwe wa hapa. Kama haiwezekani, wiki moja kabla ya tarehe hizo fungua matukio ya Aprili au Novemba usome jibu la chumba kwa kila tarehe.

Chumba kinakataa vikao vyote vya mchana na kinakubali vya usiku. Hili linamchanganya kila anayelikuta mara ya kwanza. Kwenye Microsoft 365 sanduku la barua la chumba huweza kubaki na saa za kazi za ukanda wa Pasifiki wa Marekani, 08:00 hadi 17:00 za huko. Kwetu hiyo ni takriban saa moja usiku mpaka saa kumi alfajiri. Ukishawasha agizo la kukataa nje ya saa za kazi, chumba kinatii saa za California. Afisa TEHAMA atumie `Set-MailboxCalendarConfiguration`, aweke `WorkingHoursTimeZone` kuwa "E. Africa Standard Time", kisha saa za kuanza na kumaliza.

Dalili: Umeme ukikatika, kompyuta ya mapokezi inarudi mwaka wa nyuma

Umeme unarudi, kompyuta inawaka, tarehe inasoma miaka kadhaa iliyopita, na kivinjari kinakataa kufungua kalenda kwa kudai tovuti si salama. Tovuti haina kosa. Vyeti vya usalama vina tarehe, na kompyuta inayodhani ni mwaka mwingine inaviona batili.

Kwanza rekebisha tarehe na saa kwa mkono, kisha washa upangaji wa saa wa moja kwa moja kutoka kwenye mtandao. Tatizo likirudi kila umeme unapokatika, kimekufa kibetri cha ubao mama, aina ya CR2032, duara kama sarafu, volti 3. Ukiwa na mita, chini ya volti 2.7 hivi kibadilishwe.

Kwa kompyuta ya mezani: zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kasha, gusa chuma cha kasha kwa mkono kabla ya kugusa ndani. Sukuma kibanio kidogo pembeni ya betri, itaruka juu. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu. Washa, weka tarehe, umemaliza. Betri ya zamani usiiache mezani penye watoto. Ikimezwa inaunguza koo ndani ya muda mfupi, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Kwa laptopu usifungue. Betri nyingi za humo zimeunganishwa kwa waya na ziko chini ya vitu vinavyovunjika. Mpelekee fundi.

Dalili: Chumba kiko wazi, lakini kinakataa

Soma barua ya kukataa yenyewe kabla ya kugusa mpangilio wowote. Mara nyingi sababu imeandikwa humo, na watu huifuta bila ya kuisoma.

Mfululizo wenye tarehe moja iliyogongana. Umeomba kila Jumatatu kwa miezi mitatu, Jumatatu moja tu ina mwenyewe, chumba kinakataa zote. Ndivyo Outlook ilivyo kabla haijarekebishwa: `ConflictPercentageAllowed` na `MaximumConflictInstances` zote ni 0. Zikiwekwa 20 (asilimia) na 3 (idadi ya tarehe), chumba kitaukubali mfululizo na kukataa tarehe zilizogongana peke yake. Mwandaaji bado anatakiwa kutafuta mahali pengine kwa tarehe hizo, na barua ya chumba itazitaja.

Mfululizo usio na mwisho. Dirisha la kubukia la kawaida kwenye Outlook, yaani umbali wa mbele unaoruhusiwa kubuku, ni siku 180. Mkutano unaojirudia "milele" unavuka hapo, unakataliwa wote. Weka tarehe ya mwisho.

Warsha ya siku tatu iliyoandikwa kama tukio moja. Kikomo cha kawaida ni dakika 1440, yaani saa 24. Warsha inayoanza Jumatatu 08:00 na kuisha Jumatano 16:00 ni saa 56. Iandike kama tukio la siku moja linalojirudia mara tatu, 08:00 hadi 16:00. Faida nyingine ni kwamba usiku chumba kinabaki wazi kwa mwenye haja.

Mwombaji ni wa nje. Mshauri anayetumia Gmail yake binafsi anatuma mwaliko kwa chumba na hapati jibu lolote, si la kukubali wala la kukataa. Chumba kimeagizwa kutosikiliza barua za nje, na ni vizuri kibaki hivyo. Mwenyeji wake wa ndani abuku kwa niaba yake.

Dalili: Kalenda inasema kimejaa, ndani hamna mtu

Kwa ofisi yenye vyumba viwili au vitatu hili linaumiza kuliko mgongano, kwa sababu hakuna anayelalamika. Watu wanasogeza kazi, wanakutana mkahawani, na chumba kimefungwa kwa ajili ya kikao kilichokufa mwaka jana.

Sababu kubwa ni mifululizo iliyosahauliwa. Weka kanuni ya miezi mitatu: mfululizo wowote uishe ndani ya miezi mitatu, anayeuhitaji aubuku upya. Dakika mbili za kubuku upya ni bei ndogo.

Inayofuata ni mwandaaji aliyeondoka. Mtumishi amehamishwa au amestaafu, mikutano yake imebaki imeshikilia chumba, na hakuna mwingine mwenye haki ya kuifuta. Hili lifanyike kabla ya akaunti kufutwa. Kwenye Microsoft 365 amri ya `Remove-CalendarEvents` pamoja na `-CancelOrganizedMeetings` inafuta mikutano ijayo aliyoiandaa na kuviachia vyumba. Kwenye Google, wakati wa kufuta mtumiaji, dirisha la kuhamisha data linakuruhusu kumpa mtu mwingine matukio yake. Amri hizo hazina kurudi nyuma kwa urahisi. Kama hujawahi kuzitumia, simama, mwite msimamizi wa mfumo.

Kisha kuna siku zetu. Kuandikwa kwa sikukuu kwenye kalenda hakukizuii chumba kukubali wala hakufuti kilichobukiwa. Tarehe 12 Januari chumba kitakubali kikao kama siku yoyote. Idd ina la ziada: tarehe zilizomo kwenye programu ni za hesabu, na Idd yetu inafuata kuandama kwa mwezi. Mwezi wa tisa wa Kiislamu unapoelekea ukingoni, acha siku mbili bila ya kikao, usiache moja. Kwa Ramadhani, saa za kazi zinapopunguzwa, fungua kila mfululizo wa mchana na uchague "tukio hili na yanayofuata" unapobadilisha saa. Ukichagua "matukio yote" utaharibu kumbukumbu za vikao vilivyopita. Na Ijumaa, kati ya saa 6:00 na saa 8:00 mchana, kizuie chumba kwa tukio la kudumu la ofisi lenye jina "Sala ya Ijumaa", vinginevyo mwandaaji wa mbali ataendelea kukibuku na kitakaa kitupu.

Dalili: Simu inasema hivi, tableti ya mlangoni inasema vile

Anza na simu. Tazama kama usawazishaji wa kalenda umewashwa kwenye akaunti ya kazi, na kama kiokoa data au kiokoa betri kinaizuia programu kufanya kazi chinichini. Bando likiisha, kalenda ya simu inaendelea kuonyesha picha ya mwisho iliyoipata, bila ya kukuambia kuwa ni ya jana.

Kama kalenda ya chumba uliiunga kwa kiungo, si kwa akaunti, hilo ndilo jibu lenyewe. Google huweza kuchukua mpaka saa 12 kuonyesha mabadiliko ya kalenda ya namna hiyo, na Outlook hata zaidi ya siku nzima. Kiungo kinafaa kwa ratiba za skuli na sikukuu. Kwa vyumba hakifai hata kidogo. Mpe mtu ruhusa ya kuiona kalenda kupitia akaunti yake.

Tableti ya mlangoni mara nyingi haina kosa la programu, ina kosa la ukuta. Majumba ya Mji Mkongwe yana kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita na zaidi, na nyingi zina unyevu. Mawimbi ya waifai ya 5 GHz yanafia humo. Ya 2.4 GHz yanapenya kidogo zaidi. Simama pale ilipo tableti, pima nguvu ya mawimbi kwa programu ya bure ya simu: -67 dBm au karibu na sifuri kuliko hapo ni nzuri, ikifika -80, tableti itakuwa inapata na kukosa. Ihamishie kwanza kwenye 2.4 GHz. Haikutosha, sogeza ruta au ongeza kituo kingine cha waifai upande wa pili wa ukuta, kikilishwa kwa waya unaopita mlangoni au kwenye uwazi uliopo.

Simama kabla ya kutoboa. Ukuta wa jengo la Mji Mkongwe hautobolewi kwa uamuzi wa fundi wa waya. Ulizia kwanza kwa mwenye jengo na mamlaka inayosimamia uhifadhi. Plasta ya chokaa ikifunguliwa vibaya huingiza maji ya masika.

Dalili: Chumba kipo, projekta haipo

Kukubaliwa kwa chumba si kukubaliwa kwa vifaa. Projekta, spika, kamera ya mikutano na laptopu ya akiba kila kimoja kiwe na kalenda yake na kialikwe peke yake. Ukiwa na projekta mbili, zisajili mbili, "Projekta 1" na "Projekta 2", na ubandike jina hilo hilo juu ya kifaa. Ukisajili "Projekta" moja kwa zote mbili, ya pili haitabukiwa kamwe, au itachukuliwa kiholela.

Kwenye maelezo ya kila kifaa andika vilivyomo mfukoni mwake: waya wa umeme, waya wa HDMI na urefu wake, adapta ya VGA, rimoti, eksitensheni. Kinachopotea ni adapta kuliko projekta, na bila yake projekta ni mzigo tu.

Kifaa kinachosafiri baina ya Unguja na Pemba kibukiwe na safari yake. Warsha ya Chake Chake ikiwa Jumatano, kifaa kishikiliwe kuanzia Jumanne mpaka Alhamisi, na pepo zikiwa kali ongeza siku, maana boti huahirishwa. Kalenda haijui kuwa kuna bahari katikati.

Projekta inayozimika yenyewe katikati ya kikao: kwanza safisha kichujio cha hewa kwa brashi kavu, uache nafasi ya sentimita 30 nyuma na pembeni. Baada ya kuzima, subiri feni isimame ndipo uchomoe. Ikinuka kuungua, au tundu la ukutani likitoa cheche, au UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ikivimba na kupata moto, hapo hakuna hatua nyingine ya kujaribu. Zima swichi kuu ya chumba, toa watu, mwite fundi umeme. UPS usiifungue hata ikiwa imechomolewa, betri yake bado ina umeme.

Unapomwita msimamizi wa mfumo kwa tatizo lolote la kalenda, mpe mambo manne: anwani ya mwandaaji, jina kamili la chumba au kifaa, tarehe na saa kwa namba za saa 24, na picha ya skrini inayoonyesha jibu la chumba. Bila ya picha hiyo atalazimika kuanza kwa kukuuliza chumba kilijibu nini.